Dawa ya Kupunguza Damu

Jumatano, 5 Machi
Kilo 64.2

Daftari hili ni la kilo. Nesi Mwongeli wa kliniki ya moyo ametuambia kila asubuhi baba mkwe wangu, Mzee Waweru, akishatoka chooni na kabla ya chai, apande kwa mizani niandike. Zikiruka kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo si mafuta, ni maji, nimkimbize hospitali. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili na kilo zinakula mstari mmoja tu. Mimi sipendi nafasi ikae bure, hata kibandani kwangu mboga hupandiana. Kwa hivyo panapobaki nitaandika yangu.

Mzee aliendesha trekta miaka thelathini katika shamba la kahawa huko Ruiru. Sasa ana miaka sabini na minne, na daktari anasema moyo wake una magonjwa mawili: haujui kusukuma na haujui kuhesabu. Kusukuma, umechoka, ndiyo maana miguu ilifura Januari na akawa analala ameketi. Kuhesabu, unapiga ovyo, mara mbio, mara unasita. Amelazwa wiki mbili Februari, na sasa ana dawa nne. Moja ni ya kukojoa, mbili ni za kutuliza na kuupa moyo nguvu. Ya nne ni ya pinki, warfarin.

"Hii ya pinki ni ya kupunguza damu," nesi alisema. "Hii asikose hata siku moja."

Kisha akamdunga kidole. Kipimo kinaitwa INR na kinafaa kiwe kati ya mbili na tatu. Chake leo ni 2.4. Nesi akasema tukae papo hapo, tusisonge.

Tukirudi nyumbani Makongeni Mzee alikuwa na lake. "Mama mkwe, umesikia hiyo maneno? Moyo hauna nguvu, na bado wanataka kupunguza hata damu. Si wangeongeza?"

Ananiita mama mkwe kwa sababu binti yangu, aliye bweni kidato cha pili, tulimpa jina la marehemu mke wake, Waruguru, kama desturi yao inavyotaka. Basi mtoto ni mke wake, na mimi niliyemzaa ni mama mkwe. Kwetu Bungoma baba mkwe na mke wa mwana hawapeani hata mkono, hawakai meza moja, na mwaka wa kwanza utani wake ulinitia aibu nikataka kuingia chini ya kitanda. Sasa asiponitania naona siku imepotea.

Nilimwambia asijali. Wao wapunguze, mimi nauza mboga ya kuongeza kando ya barabara.

Ijumaa, 7 Machi
Kilo 64.0. Jua kali. Mboga haina maana, imekauka kabla ya saa nne.

Jumatatu, 10 Machi
Kilo 64.1. Kabeji na viazi. Tena.

Jumatano, 19 Machi
Kilo 64.3

INR 2.3. Nesi ameuliza kama tumeacha chumvi. Nimesema tumeacha, na ni kweli, mpaka Mzee analalamika kwamba chakula changu kina ladha ya ukuta.

Jioni mvua imenyesha kidogo, ile ya kunusa.

Jumamosi, 22 Machi
Kilo 64.0

Sasa ni mvua. Imepiga mabati tangu juzi. Mume wangu Karanja, ambaye yuko kiwandani Ruiru na hurudi Jumamosi, amefika na viatu mkononi.

Nami nimefurahi kama mtu aliyeokota pesa. Managu, yaani mnavu, imetoka mashamba ya Theta vifurushi vinono, majani mapana kama kiganja. Mwanamke mmoja wa Githurai 45 anayeniuzia mboga ameleta mrenda na saga, majani ya kwetu, kwa basi la usiku, bado ina unyevu. Nimemchagulia Mzee ile bora kabla sijawauzia watu. Mtu akipunguziwa damu, anaongezwa kwa mboga, hilo nilijua kabla sijajua kusoma. Mama alipomzaa ndugu yangu wa mwisho na damu ikamwisha, ni mrenda na saga zilizomrudisha, na hakuna daktari aliyekuwa karibu.

Mzee alidhani mrenda utamshinda kwa vile unateleza. Amekula sahani mbili.

"Mama mkwe, hii kitu inashuka yenyewe," alisema. "Haingoji ruhusa."

Jumatano, 26 Machi
Kilo 63.8. Managu mchana, mrenda jioni. Uso wake umepata rangi, hata jirani ameona.

Jumatatu, 31 Machi
Kilo 63.9. Mvua. Mboga ni terere.

Jumatano, 2 Aprili
Kilo 64.0

INR 1.8. Nesi Mwongeli ameangalia karatasi, kisha ameniangalia mimi. "Anameza kila siku?"

"Kila siku, saa mbili jioni."

"Unamwona?"

Kumwona simwoni. Dawa humeza chumbani mwake na mimi niko jikoni. Nimesema namwona. Daktari ameongeza kidonge kidogo cha kahawia juu ya kile cha pinki.

Mzee hakupenda. Njiani alisema sasa wanampunguza kwa zamu mbili. Nikamwambia nami nitaongeza kwa zamu mbili, na leo nimechanganya managu na saga na maziwa nikaacha juu ya jiko mpaka ikalainika. Wakiongeza dawa naongeza mboga. Hatuwezi kushindwa na watu wa kuandika karatasi.

Jumamosi, 5 Aprili
Kilo 63.9. Karanja amesema baba yake anakula vizuri kuliko yeye. Nimemwambia aumwe moyo kwanza.

Alhamisi, 10 Aprili
Kilo 64.2. Barabara ya kibandani ni matope matupu. Wateja wachache, kwa hivyo mboga nyingi imebaki, tumekula sisi.

Jumatano, 16 Aprili
Kilo 64.1

1.4.

Nesi hakuuliza mara hii. Alimwomba Mzee akakae nje, kisha akafunga mlango. "Mama, kwa kiasi hiki cha dawa namba haiwezi kushuka. Inapaswa kupanda. Huyu hamezi. Wazee wengi hufanya hivyo, wanaweka chini ya ulimi, mkigeuka wanatema. Moyo wake ukikaa hivi, damu itaganda ndani na iende kichwani. Utampata amepooza. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilitoka nikiwa nimekasirika vile sijakasirika mwaka huu. Mimi naamka saa kumi na moja, natembea na matope mpaka magotini nimtafutie mboga, na yeye anatema dawa. Nilimuuliza hapo hapo kwenye benchi, mbele ya watu, kama anameza.

"Nameza," alisema.

"Baba, nesi anasema humezi."

"Nesi halali kwangu. Nimesema nameza."

Daktari ameongeza tena. Sasa ni cha pinki kimoja na nusu.

Alhamisi, 17 Aprili
Kilo 64.0

Alipotoka kuota jua dogo la asubuhi niliingia chumbani kwake. Nilitikisa mto, nikainua godoro, nikapekua mifuko ya makoti. Chini ya mkeka, karibu na mguu wa kitanda, nimepata kidonge kimoja cha pinki.

Kimoja tu. Lakini mwizi naye hushikwa na kuku mmoja. Nimekiweka kwenye sosa ya kikombe juu ya kabati na nimempigia simu Wamboi.

Wamboi ni dada ya Karanja, mwalimu mkuu msaidizi wa shule moja Ruiru. Hajawahi kunipenda sana. Siku ya kutambulishwa aliuliza kama huko kwetu kuna stima. Lakini leo kwenye simu alisema, "Asante, Selpha, umefanya vizuri," na nilijisikia vizuri hasa, kama mtoto aliyepewa alama nzuri. Aibu naiandika hapa kwa vile ni kweli.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka
Kilo 64.3

Wamboi alikuja na mkate na uso wa kazi. Tulipomaliza kula, mukimo na nyama kidogo na managu tele, alisema kuna jambo. Mimi ndiye niliyeleta ile sosa. Nikaiweka katikati ya meza mbele ya Mzee.

Alikigusa kile kidonge kwa kidole.

"Hiyo ilianguka," alisema. "Vidole vyangu vinatetemeka. Sikuiona, nikachukua ingine."

"Baba," Wamboi akasema, "sisi si watoto."

"Ndiyo, mimi ndiye mtoto."

Karanja alikuwa anaangalia sakafu. Wamboi akasema basi kuanzia kesho Selpha atampa dawa mkononi, atangoja ameze, kisha Baba afungue mdomo na kuinua ulimi aangaliwe. Nilidhani Karanja atakataa. Mke wa mwana kuchungulia mdomo wa baba mkwe, kwetu ningetozwa kondoo, na kwao pia hakuna anayefurahia. Hakukataa. Mimi pia sikukataa. Nilifikiri, si amejitakia.

Jumatatu, 21 Aprili
Kilo 64.1

Alifungua mdomo. Ana meno saba. Aliinua ulimi bila kuambiwa, akafunga macho.

"Asante, Baba," nilisema.

"Asante, Selpha," akasema.

Jumatano, 23 Aprili
Kilo 64.0. Amefungua mdomo. Mvua kubwa, stima imepotea.

Alhamisi, 24 Aprili
Kilo 63.8. Amefungua mdomo.

Ijumaa, 25 Aprili
Kilo 63.9. Amefungua. Hali sahani mbili tena, anakula moja na kuacha robo, nami namsukumia: maliza, Baba, damu. Anamaliza. Siku hizi anafanya kila ninachosema.

Jumatano, 30 Aprili
Kilo 63.7

1.3.

Hapo ningepaswa kusimama. Hili naliongeza Juni, pale palipobaki nafasi, nikijua ninachojua sasa, lakini hata siku ile, mtu mwenye akili angejiuliza: kama nimeona kwa macho yangu kidonge kimeshuka siku tisa mfululizo, na namba bado inashuka, basi shida si koo la mzee. Mimi sikujiuliza. Nesi alisema, "Labda anaenda kutapika," na mimi nikasema, "Inawezekana."

Ijumaa, 2 Mei
Kilo 63.9

Alimeza, akafungua mdomo, akaketi kidogo, kisha akaenda choo cha nje. Nilimfuata. Nilisimama nyuma ya mlango wa mabati na mwavuli, nimetega sikio. Nilisikia mvua, na mzee akikohoa, na maji. Alipofungua mlango alinikuta.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema tu, "Hata hapa?" Akapita kando yangu akiwa ameshika ukuta, na mimi na mwavuli wangu mkubwa sikumfunika.

Jumatatu, 5 Mei
Kilo 63.6. Mrenda umebaki vifurushi kumi. Sote tumekula.

Alhamisi, 8 Mei
Kilo 63.8. Hakuna jipya.

Jumamosi, 10 Mei
Hakuna kilo.

Ilikuwa jana. Alipanda kwa mizani, 63.7, nikaenda kuandika. Niliporudi na chai alikuwa mezani. Alinyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe na mkono ukapita kando, kama mtu anayeshika kitu kisichokuwepo. Kikombe kikaanguka. Nilisema, "Pole, Baba, nitafuta," nikainama na kitambaa, na nilipoinua kichwa mdomo wake ulikuwa umeenda upande mmoja. Alijaribu kusema. Ilitoka sauti, haikutoka neno. Alishtuka kuliko mimi. Aliijaribu tena, taratibu, kama anayedhani amekosea tu.

Jirani ana gari, Probox. Tulimbeba watu watatu. Hiyo desturi yetu ya kutogusana nimeivunja, nilimshika kichwa njia nzima, mate yake yakiloa leso yangu.

Daktari wa wodi alitueleza sote tukiwa tumesimama, mimi, Karanja na Wamboi. Moyo usiohesabu vizuri huacha damu isimame kwenye kona zake. Ikisimama inaganda. Kipande kikatoka kikapanda kwenye ubongo. Akauliza kwa upole kama Mzee alikuwa na dawa ya kuzuia hilo.

"Alikuwa nayo," Wamboi alisema. "Alikuwa hamezi."

Kisha aliinama juu ya kitanda, analia, na akamwambia baba yake sikioni lakini sote tulisikia, "Baba, si tulikuomba? Si tulikuomba umeze?"

Mzee alimtazama.

Jumatatu, 12 Mei
Daktari anasema mkono utarudi kiasi. Maneno, tungoje.

Jumanne, 13 Mei

Nitaandika yote.

Leo zamu ya mchana ilikuwa yangu, Wamboi yuko shule. Mzee alikuwa amefunga macho. Mfamasia wa wodi alipita na faili, mtu wa makamo, miwani imeshikwa na uzi, anaitwa Owino. Alisema kuna kitu hakimwingii. Siku aliyoletwa INR ilikuwa 1.3. Sasa amekula chakula cha hospitali siku nne, dawa ni ile ile, na imefika 2.1. Aliuliza nani hupika nyumbani.

"Ni mimi."

"Alikuwa anakula nini, mama?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijibu kwa majivuno. Nilisema huyu mzee amelishwa. Nikamhesabia: mrenda, saga, managu, terere, mchana na jioni, sahani mbili mbili, tangu mvua ianze. Na kabla ya mvua? Kabla ya mvua kabeji kidogo, viazi. Nikamwambia walipoongeza dawa nami niliongeza mboga.

Alikuwa anaandika, akaacha.

"Kwa nini uliongeza?"

"Si dawa ilikuwa inampunguza damu? Nilikuwa namrudishia."

Alivuta kiti akaketi. Alikuwa mwangalifu, nadhani aliona uso wangu umeanza kubadilika. Alisema, "Mama, hiyo dawa haipunguzi damu. Damu yake ni ile ile, hakuna tone limetoka. Dawa inaizuia isigande haraka. Watu wetu husema kupunguza kwa sababu ni neno jepesi, na sisi tunawaachia hivyo hivyo. Sasa hizi mboga za majani ya kijani sana, hizi zetu, zina kitu ambacho mwili unakitumia kugandisha damu. Ndizo hasa zinazopigana na hiyo dawa. Kidogo, na kiasi kile kile kila siku, haina shida, daktari anapanga dawa kulingana. Lakini ukitoka kwenye kabeji uende kwenye sahani nne za mrenda kwa siku..." Hakumaliza. Alisema hata yeye ni mtu wa Siaya, mama yake angempikia hivyo hivyo.

"Kwa hivyo alikuwa anameza," nilisema.

"Naona alikuwa anameza vizuri sana."

Aliandika kwenye faili. Akasema madaktari watajua, lakini nyumbani niwaeleze mimi, kwa vile jiko ni letu. Nikasema nitawaeleza.

Nilikaa hapo mpaka saa kumi. Niliangalia mdomo wa Mzee ambao niliuchungulia siku kumi na nane.

Jumatano, 14 Mei
Wamboi alikuja jioni. Nilifungua mdomo kusema, yeye akatangulia. "Selpha, mimi nilikuwa nakuonea. Bila wewe hata tusingejua alikuwa anatema." Akanishika mkono.

Sikusema.

Ijumaa, 16 Mei
Sikusema.

Jumamosi, 17 Mei
Karanja alikuja na nguo safi. Tukiwa nje ya wodi nilimwambia kuna jambo la chakula. Akasema, "Si sasa, Selpha. Mzee alijiletea haya, na mimi nimechoka." Alikuwa na macho mekundu. Nilishukuru kwamba amenikatiza, ndiyo hali niliyofikia.

Alhamisi, 22 Mei
Kilo 61.5

Ametoka hospitali. Anatembea akiburuta mguu. Anasema "eeh" na "hapana", na wakati mwingine zinabadilishana. Nampikia kabeji na managu vijiko viwili, kila siku viwili, napima. Wamboi ameona napima akasema naringa kama daktari. Nikasema hospitali imesema. Ni kweli, na ni uongo pia.

Jumapili, 25 Mei
Kilo 61.4

Wamboi anapompa dawa anamwambia, "Leo tunameza, eeh, Baba?" kwa sauti ya kuongea na mtoto wa chekechea. Anameza. Anafungua mdomo mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Niliingia jikoni nikafungua bomba maji yapige kelele.

Jumatano, 28 Mei
Kilo 61.6. INR 2.3. Nesi Mwongeli amesema, "Unaona sasa, Mzee? Ukimeza, inakubali." Amesoma namba, hajasoma faili. Na mimi niliyesimama pale na mkoba wa faili chini ya kwapa, nilitabasamu.

Jumapili, 1 Juni
Kilo 61.7. Mvua imeisha. Ukungu mpaka saa tano.

Alhamisi, 5 Juni
Kilo 61.5. Mteja ameniuliza managu inasaidia nini mwilini. Nimemwambia ale tu.

Jumapili, 8 Juni
Kilo 61.8

Leo Wamboi alileta akina mama wa maombi kutoka kanisani, watu sita, pamoja na kiongozi wao, mama mmoja mpole anayeitwa Mama Syombua. Waliimba, wakasoma, kisha Mama Syombua akasema dada yetu Wamboi ametuomba tumwombee Mzee si mwili tu, bali na roho, Mungu amwondolee ukaidi uliomfanya atupe dawa. Alimwambia Mzee, kwa kuwa hawezi kusema, ainue mkono ule mzima kama ishara kwamba anatubu na anaomba msamaha kwa watoto wake.

Tulifunga macho. Mimi nilifungua.

Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Haukuinuka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Inua, Baba," Wamboi alinong'ona. Akaushika ule mkono kwa kiwiko amsaidie kuuinua.

Nilisema amwache. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka na wimbo wa chini chini ukakatika. Nilisema huyu mzee hana cha kutubu. Hajawahi kutema hata kidonge kimoja. Kile cha chini ya mkeka kilianguka kama alivyosema. Ni mimi. Niliambiwa dawa ni ya kupunguza damu, nikaamini inampunguza, nikamjaza mboga ili nimrudishie, na mboga ndiyo iliyoua dawa. Nimejua tangu tarehe kumi na tatu Mei. Niliambiwa niwaeleze na nikanyamaza. Nilisema hayo nimesimama, mbele ya wageni, huku nimeshika sinia la vikombe, na hakuna aliyenipokea lile sinia.

Wamboi hakunitukana. Aliurudisha mkono wa baba yake taratibu juu ya goti. Kisha alipiga magoti kwenye zulia, mwalimu mkuu msaidizi na sketi yake ya kanisa, akaweka paji la uso kwenye magoti ya Mzee, akasema maneno ya Kikuyu ambayo sikuyaelewa yote. Karanja alitoka nje. Akina mama walibeba mikoba yao mmoja mmoja. Mama Syombua alinigusa bega akipita, sijui kwa kunihurumia au kupata njia.

Wamboi alipoenda kumtafuta ndugu yake, tulibaki wawili. Nilipiga magoti pale alipokuwa amepiga yeye. Nilimwomba msamaha kwa mboga, ambayo sikujua, na kwa mdomo, na kwa mlango wa choo, na kwa sosa, mambo niliyoyafanya nikijua. Nikamwomba zaidi kwa hizi wiki za mwisho.

Alihangaika na mdomo. Nilisema asijichoshe. Akatikisa kichwa, akaanza tena, akakazana mpaka jasho likamtoka juu ya midomo.

"Ni... li... sikia."

"Ulisikia nini, Baba?"

"Yule. Wa miwani." Akapumua. "Dawa. Nili... sikia."

Nilihesabu nikiwa bado nimepiga magoti. Siku ishirini na sita. Macho aliyafunga lakini hakuwa amelala, na maneno yalimtoka lakini masikio hayakumtoka. Amejua kwamba ninajua. Na kila mara Wamboi alipomsema, wodini na hapa nyumbani, aligeuza shingo akanitazama mimi, akangoja. Nilidhani ana kiu. Kila mara nilimletea maji, na kila mara aliyanywa.